Kuziba bruda pande zote hakuokoi vifaranga

Wafugaji wengi hufunika bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, kwa turubai bila kuacha hata tundu, wakihofia baridi. Palipo na jiko la mkaa, hapo ndipo vifaranga hufa usiku: gesi yake haina harufu, na mkaa uliokolea bila moshi bado huitoa. Kinga upepo wa chini tu kwa ukuta wa duara wa hadibodi, kimo sentimita 45, juu pabaki wazi na dirisha la chumba lipitishe hewa.

Joto lianze nyuzi 32 hadi 35 usawa wa mgongo wa kifaranga, lipungue takribani nyuzi 3 kila wiki. Wakirundikana chini ya taa ya joto, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni, midomo wazi, mabawa yamelegea, joto limezidi, pandisha taa.