Onyo la utcnow() kwenye Python 3.12: usibadilishe kwa pupa

Tangu Python 3.12 itoke Oktoba 2023, maktaba yoyote inayoita `datetime.utcnow()`, inayoleta saa ya sasa kwa UTC (saa ya kimataifa), hutoa DeprecationWarning, yaani onyo kwamba kitu hicho kimepitwa na wakati. Wengi hukimbilia kuweka `datetime.now(timezone.utc)` kila mahali kwa mkupuo. Onyo litanyamaza, ila wanaoitumia maktaba yako ndio watakaoanza kupiga kelele.

Ya zamani hurudisha tarehe isiyobeba saa za eneo. Mpya hurudisha inayozibeba. Ukizilinganisha kwa `<` unapata TypeError, na hiyo ni nafuu, maana inaonekana. Ukitumia `==`, Python inajibu False kimyakimya. Tena `isoformat()` inaongeza `+00:00` mwishoni, na programu inayosoma maandishi hayo kwa kuhesabu herufi inavurugika.

Onyo lenyewe ni la haki. `utcnow().timestamp()`, inayogeuza tarehe kuwa hesabu ya sekunde, huichukua tarehe ile kana kwamba ni saa ya mashine. Kwenye kompyuta iliyowekwa saa za Nairobi au Dar es Salaam, jibu liko nyuma kwa sekunde 10,800, yaani saa 3 kamili. Kwenye seva yenye saa za UTC kosa halionekani, ndiyo maana hupenya majaribio.

Python huficha maonyo haya, isipokuwa yanayotoka kwenye faili unaloliendesha moja kwa moja. Yageuze kuwa makosa unapoendesha majaribio kwa zana ya pytest: `pytest -W error::DeprecationWarning`. Kama majaribio yanakwama kwa sababu ya maktaba ya mtu mwingine, hamishia `error::DeprecationWarning` kwenye `filterwarnings`, orodha ya vichujio vya maonyo katika mipangilio ya pytest (ikibaki kwenye `-W` ndiyo itakayoshinda), kisha puuza moduli hiyo pekee, na mstari huo uuweke chini ya ule wa `error`, kwa kuwa wa mwisho ndio unaoshinda.

Halafu tenganisha. Tarehe isiyotoka nje ya maktaba, ibadilishe bila wasiwasi. Inayomfikia mtumiaji, andika `datetime.now(timezone.utc).replace(tzinfo=None)`: thamani inabaki ileile, onyo linaondoka, na badiliko la kweli unalisubirisha hadi toleo kubwa lijalo. Usishawishike na ufupi wa `datetime.UTC`, jina jingine la `timezone.utc`, kama bado unahudumia Python 3.10, kwani ulianza 3.11.

Ukiwaonya watumiaji kuhusu badiliko hilo, weka `stacklevel=2` ndani ya `warnings.warn`, ili onyo lielekezwe kwa msimbo ulioiita maktaba yako. Bila hiyo onyo litahesabiwa kuwa limetoka ndani ya maktaba yako, Python italificha, na hakuna atakayeliona.