Jina la Denimu na Mji wa Nîmes

Denimu, kitambaa ambacho wengi wetu tunakifahamu kupitia suruali za jinzi, ilipata jina lake katika Kiingereza kutokana na maneno ya Kifaransa "serge de Nîmes", yaani seji (aina ya kitambaa) ya Nîmes, mji wa kusini mwa Ufaransa uliosifika kwa ufumaji. Mwishoni mwa karne ya 17 Waingereza walikuwa wakiliandika jina hilo kwa kirefu. Baadaye neno la kwanza likaachwa, kihusishi "de" kikashikamana na jina la mji, na s ya mwisho, ambayo Wafaransa wenyewe hawaitamki, ikadondoka.

Maelezo mengi huishia hapo, ilhali seji ilifumwa kwa sufu, mara nyingine ikichanganywa na hariri, na denimu ni ya pamba. Kinachoziunganisha ni ufumaji wa mshazari, ambamo mshindio (uzi unaopita kwa upana wa kitambaa) hupita chini ya nyuzi mbili au tatu za mtande (nyuzi za urefu) kabla ya kuibuka juu ya mmoja, na kila safu husogea hatua moja pembeni. Ukikunja upindo wa jinzi utaona kwamba ndani kumefifia, kwa sababu mtande uliotiwa nili, rangi ya buluu, ndio unaotawala upande wa nje, na mshindio usiotiwa rangi hujitokeza zaidi kwa ndani.

Kwa hiyo asili ya jina isichukuliwe kuwa ushahidi wa asili ya kitambaa. Denimu ya suruali ambazo mfanyabiashara Levi Strauss na mshonaji Jacob Davis walizipatia hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1873, kwa kuimarisha mifuko kwa ribiti, yaani vipini vidogo vya chuma vya kugongwa, ilifumwa New Hampshire, Marekani. Pwani yetu inalijua jambo hili: merikani, kitambaa cha pamba, iliitwa hivyo kwa kuwa ililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Massachusetts, Marekani, na jina likabaki hata viwanda vya Bombay vilipoanza kuifuma.

Neno jinzi nalo lina mji wake, Genoa nchini Italia, ambao Wafaransa huuita Gênes. Katika karne ya 19, jinzi ilipokuwa bado jina la kitambaa, Wamarekani waliitofautisha na denimu, kwani jinzi ilikuwa na mtande na mshindio wa rangi moja, tofauti na denimu. Ni katika karne ya 20 ndipo jina la Genoa lilipozoeleka kwa suruali zilizoshonwa kwa kitambaa chenye jina la Nîmes.