Merantau: desturi ya Waminangkabau ya kwenda kutafuta maisha

Merantau ni desturi ya Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, Indonesia: kijana wa kiume huondoka kwao akatafute riziki, elimu na ukomavu, huku akitarajiwa asiwasahau aliowaacha. Wengi hudhani ni umaskini tu unaowafukuza. Mimi naona chanzo kikubwa kiko ndani ya nyumba yenyewe.

Waminangkabau ni Waislamu, lakini ukoo wao hufuata upande wa mama. Nyumba ya ukoo, rumah gadang, yenye paa lililopinda kama pembe za nyati, ni ya wanawake, na mashamba ya mpunga ya urithi hushuka kutoka kwa mama hadi kwa binti. Zamani mvulana akianza kupata akili hakuwa na chumba humo. Alilala surau, nyumba ndogo ya ibada, pale wavulana waliposomea Kurani na kujifunza kupigana. Akioa, alihamia kwa mkewe, na kule alikuwa mgeni. Kwa dada zake alikuwa mjomba mwenye kauli juu ya wapwa, ila hana pa kulala. Kwa kijana wa namna hiyo, safari ilikuwa njia ya kujipatia chake mwenyewe.

Baadhi walivuka bahari hadi Negeri Sembilan, katika Malaysia ya leo, na huko sheria za ukoo wa mama zinafuatwa mpaka sasa. Wengine walijaa Jakarta, hasa baada ya uasi wa PRRI, serikali ya mapinduzi iliyotangazwa Sumatra kuipinga serikali kuu, ulioanza mwaka 1958 na kuzimwa na jeshi. Ukiingia katika mkahawa wao wa chakula cha Padang, mji mkuu wa Sumatra Magharibi, mhudumu huja na sahani zimepangana mkononi hadi karibu na kiwiko, anazitandaza zote mezani, nawe unalipia ulichokula.

Siku hizi wanawake nao husafiri, na familia nzima huhamia mjini. Hapo ndipo utambulisho unapopata mtihani. Mwanamume akioa mwanamke Mjava, wa kabila jingine la Indonesia, watoto wake, kwa kuwa mama hana ukoo wa Kiminangkabau, nao hawana, hata wakiongea lugha ya baba vizuri na kwenda naye kijijini kila Idi. Adat, yaani sheria za mila, ina mlango mmoja: mgeni anaweza kupokelewa na ukoo fulani kwa taratibu zake, na mke akipokelewa hivyo, watoto wake huingia pamoja naye.