Mwendo wa siku: hesabu inayobeba safari nzima ya tanga

Mwendo wa siku ni idadi ya maili za bahari ambazo chombo kimesogea kuelekea kinakokwenda, tangu saa sita mchana hadi saa sita mchana ya kesho yake. Maili moja ya bahari ni mita 1,852, na noti moja ni maili hiyo kwa saa.

Neno la kuzingatia hapo ni "kuelekea". Mashua inayopiga bisho, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, kwa digrii 45 kila upande wa upepo hukata maili 100 majini, lakini imesogea kama 70 tu. Mkondo wa noti moja ukiikabili, unakula maili 24 kila siku.

Wanaopanga safari ndefu kwa mara ya kwanza hukosea kwa kuchukua kasi ya saa moja nzuri na kuizidisha mara 24. Mashua yenye urefu wa mita 8 kwenye usawa wa maji hufikia ukomo karibu na noti 7. Ikitaka kuzidi hapo, inakuwa kama inaupanda mlima wa wimbi lake yenyewe. Noti 7 kwa siku nzima ni maili 168, ila usiku tanga hupunguzwa, shwari huja, mwani huota chini, na shehena ya mwezi mzima huididimiza. Kwa mashua hiyo tungepanga maili 100. Afadhali zaidi, safiri mara mbili tatu kwa saa 48 mfululizo, usiku ukiwemo, uchukue wastani wako mwenyewe. Siku bora iache.

Kutoka Visiwa vya Canary hadi Karibiani ni takriban maili 2,700. Kwa maili 140 kwa siku ni siku 19 na ushei. Kwa 100 ni siku 27. Watu wawili, lita 4 za maji kila mmoja kwa siku, wanahitaji lita 216 kwa siku hizo 27. Ongeza nusu yake, kwa kuwa mlingoti ukivunjika utabaki kujikokota: jumla ni kama lita 325. Zigawe katika matangi mawili au zaidi na madumu, ili chumvi ikiingia kwenye moja, mengine yasalimike. Ni kilo 325 hizo. Zikae chini, katikati ya chombo, wala si omo, yaani mbele.

Nyumbani usiache tarehe moja ya kufika. Acha kipindi, tuseme siku ya 20 hadi ya 32.

Zikibaki maili 300, kadiria saa ya kuiona nchi kwa wastani wa siku tatu zilizopita. Bandari usiyoijua haiingiwi gizani, basi punguza tanga mapema. Kwa noti 4.5 maili hizo ni saa 67. Kwa noti 4 ni saa 75. Hiyo nusu noti inatosha kuhamisha kufika kwako kutoka saa tisa usiku hadi saa tano asubuhi.