Si kweli kwamba mbio za baiskeli hukupita kwa sekunde chache

Hapa Kampala, ukimwambia mtu mpande basi mkatazame mbio za baiskeli Kigali, atakujibu: "Nisafiri usiku kucha nione kundi likinipita mara moja? Afadhali televisheni."

Hoja hiyo inafaa kwa hatua (siku moja moja za mbio) tambarare za Tour de France. Huko kundi huweza kupita kwa zaidi ya kilomita 45 kwa saa, na utakachokiona kwa muda mrefu ni msafara wa matangazo unaotangulia ukirusha kofia na peremende.

Milimani ni habari nyingine kabisa. Barabara ya mlima Alpe d'Huez, Ufaransa, ina kona 21, na mwinuko wake huwapunguza mwendo hata walio hodari. Kundi hukatika vipande, wanakuja mmoja mmoja, unaona nyuso na kusikia wanavyohema. Ubelgiji, katika Tour of Flanders, wanaume hukipanda kilima cha Oude Kwaremont mara tatu, nawe unawaona mara tatu.

Lakini kwa mtazamaji wa kando ya barabara, mimi naziweka juu mbio za kuzunguka. Ubingwa wa dunia ulipofika Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, Septemba 2025, wanaume walizunguka mara 15 njia ya kilomita 15 hivi. Aliyesimama kwenye mlima wa Kimihurura, wenye barabara ya mawe, alimwona mshindi, Tadej Pogačar, kila mzunguko, bila kiingilio!

Mbio za Tour du Rwanda huja kila mwaka, na ukivukia mpaka wa Katuna si mbali. Chagua mlima, na uwahi kabla barabara hazijafungwa.