Zana za kubadilishia tairi la pikipiki: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Anayetaka kujifunza kubadili tairi la pikipiki yake mwenyewe huambiwa kwanza atafute chuma kirefu cha kufungulia. Ushauri huu umepinda rimu nyingi na kutoboa tyubu nyingi mpya kabla hazijagusa barabara, ndiyo maana naanza nao.

"Chuma kikiwa kirefu, tairi linatoka kwa urahisi."

Ndani ya ukingo wa tairi, pale linapokaa kwenye rimu, kwa kawaida mna pete ya waya wa chuma. Waya huo hautanuki hata ukiuninginia. Tairi linaweza kutoka kwa sababu rimu ina bonde katikati, na mzunguko wa bondeni ni mfupi kuliko wa kingoni. Ukiusukuma ukingo wa tairi uingie bondeni upande mmoja, upande wa pili unapata ulegevu wa kuvuka ukingo wa rimu. Ulegevu huo ni mdogo sana, lakini ndio unaolitoa tairi.

Kwa hiyo chuma kikigoma, usiangalie pale kilipo. Angalia upande ulio mkabala nacho: karibu kila mara utakuta tairi limepanda kutoka bondeni. Lishushe kwa goti au kwa kisigino, kisha rudi kwenye chuma chako, nacho kitakwenda. Mwenye chuma cha nusu mita hapati nafasi ya kuligundua kosa hilo. Anaongeza nguvu tu, na nguvu hiyo inakwenda kukata waya, kupinda rimu ya aloi au kubana tyubu.

Kwa pikipiki nyingi ndogo na za kati, vyuma vya sentimita 20 hadi 30 vinatosha. Mimi navipenda kwa sababu vinakujulisha mapema kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Virefu vya sentimita 40 hivi vina kazi yake kwenye matairi mapana yenye ubavu mgumu, ila vishikwe na mtu aliyekwisha kulielewa bonde. Nunua vitatu badala ya viwili: viwili vipokezane, cha tatu kishikilie pale ulipofika. Kila ukisogea, chukua sehemu ndogo, sentimita 5 hivi. Tairi likiwa la baridi na gumu, lianike juani kwanza. Mpira ukipata joto hulainika.

"Bisibisi bapa inafanya kazi ileile."

Haifanyi. Ncha ya bisibisi ina kona mbili kali, na kona hizo ndizo zinazotoboa tyubu bila wewe kujua mpaka uanze kujaza upepo. Shina lake la mviringo nalo huteleza na kuzunguka mkononi. Chuma cha kazi hii kina ncha pana iliyopinda kidogo kama kijiko na kulainishwa pembeni. Unapochagua, pitisha kidole kwenye ncha yake yote. Ukihisi ukali, kiache, au kisugue kwa msasa mpaka kilainike.

Kwenye tairi lisilo na tyubu hasara ni kubwa zaidi. Hapo upepo unazuiwa na mgusano wa tairi na rimu peke yake, na mkwaruzo wa kina mahali hapo unaweza kuvujisha upepo kila siku. Tumia vikinga vya plastiki kwenye ukingo wa rimu. Vipande vilivyokatwa kutoka dumu la plastiki nene vinasaidia pia.

"Likigandamana na rimu, dawa ni nyundo."

Rimu za matairi yasiyo na tyubu huwa na kituta kidogo kinachozuia tairi lisiporomoke bondeni upepo ukipungua. Ndiyo sababu yanashika sana. Nyundo hupiga rimu mara nyingi kuliko inavyopiga tairi, na kulikanyaga gurudumu kwa gari kunaweza kupinda rimu na diski ya breki kwa pamoja. Kinachotakiwa ni mgandamizo wa polepole: klampu kubwa, jiliwa la mezani, au kifaa maalumu cha kusukumia ukingo wa tairi. Gurudumu lilaze juu ya mbao au tairi kuukuu, diski isiguse chini.

Kabla ya hapo, toa pini ya ndani ya valvu, usiishie kuibonyeza. Kifunguo chake ni kidogo na ni cha bei nafuu kuliko zana nyingine zote, lakini bila hicho upepo unabaki ndani na unashindana nao bure.

"Grisi au mafuta yoyote yanatelezesha."

Yanatelezesha, kisha yanabaki. Mafuta yatokanayo na petroliamu huharibu mpira, na tairi linaweza kuzunguka juu ya rimu unapofunga breki na kung'oa shina la valvu ya tyubu. Tumia sabuni maalumu ya matairi au maji ya sabuni ya kawaida, ambayo hukauka. Kwenye tyubu, tia upepo kidogo tu kabla ya kuiingiza, ili ipate umbo na isikunjamane chini ya chuma.

"Spana malaya inatosha kufungua ekseli."

Spana hii, ile ya mdomo unaorekebishika, inakula kona za nati. Tafuta soketi au spana ya ringi ya saizi kamili. Pikipiki nyingi hutumia saizi ya milimita 17, 19, 22 au 24, lakini pima yako. Kukaza tumia spana ya kupimia mkazo, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki.

"Tairi likikataa kukaa, ongeza upepo tu, au petroli na kiberiti."

Hili la moto liacheni kabisa. Ni mlipuko, na aliye karibu nao ni wewe. La upepo nalo lina mpaka: watengenezaji wengi wa matairi ya pikipiki huandika ubavuni kikomo cha psi 40 hivi, sawa na bar 2.8, cha kukalishia tairi. Kwa hiyo pampu yenye geji ya kuaminika ni zana ya lazima. Likifika kikomo bila kukaa, toa upepo, paka sabuni tena, ujaribu upya. Kwa lisilo na tyubu, mkanda uliokazwa kuzunguka katikati ya tairi husukuma kingo zake zikaribie rimu, na kujaza ukiwa umetoa pini ya valvu huingiza upepo kwa kasi zaidi.

Karibu na rimu, kila tairi lina mstari mwembamba uliochorwa kwenye mpira. Zungusha gurudumu polepole na uutazame pande zote mbili. Ukiwa umbali uleule kutoka kwenye rimu mzunguko mzima, tairi limekaa. Ukizama mahali popote, bado.