Wanyama wapelelezi: yasemwayo kuhusu vitabu vya mafumbo vya watoto, na ukweli wake

Kaa na walimu na wazazi wa Mtwara wanaochagua vitabu vya maktaba ya shule. Kikifika kitabu cha sura fupifupi ambamo wanyama ndio wapelelezi, utasikia: humo wanyama wanaongea, mantiki ya nini tena?

Hapo ndipo hukumu inapoanza kwenda kombo. Mtoto hana shida na panya buku mwenye ofisi na kofia. Anachokikataa ni mwandishi kubadili sheria katikati ya hadithi. Tuseme mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yanatoweka usiku katika shamba moja Newala. Asubuhi, chini ya mwembe wa jirani, korosho zinakutwa zimelala nzima pamoja na makapi yaliyotafunwa na kutemwa. Nani kaiba? Mtoto wa huku anajua kwamba ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza mdomo, kwa hiyo mwizi alifuata bibo, korosho hakuitaka. Popo wala matunda ndivyo wanavyofanya: hubeba bibo hadi mti mwingine, hufyonza maji yake, hutema makapi na kuiangusha korosho. Kila kitu kimo mezani. Sasa mwandishi akituambia katika sura ya mwisho kwamba mwizi ni tumbili wa kijiji cha pili, ambaye hakutajwa hata mara moja, kamdhulumu msomaji. Jaji wa vitabu asiyejua shamba la mikorosho anaweza kuzipita dalili hizi bila kuziona, akaandika kwamba fumbo halina msingi.

Wapo wanaosema kitabu kizuri ni kile kinachoshtua mwishoni. Kushtua ni rahisi mno. Kipimo changu ni kusimama kabla ya sura ya mwisho na kuwauliza watoto: nani, na umejuaje? Wakitaja jina wote tangu sura ya pili, fumbo ni jepesi. Wakibahatisha tu, dalili hazikuwekwa au zimefichwa kupita kiasi. Ila akitokea mmoja anayekuvuta mkono, “Subiri kwanza, rudi pale kwenye makapi,” basi hapo mwandishi anastahili alama zake.

Panya buku kuwa mpelelezi huonwa kichekesho tu, kumbe kazi hiyo anaifanya kweli. Shirika la APOPO huwafunza panya hawa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wanuse baruti ya mabomu ya ardhini na hata vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Walifanya kazi hiyo ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, nchi iliyotangazwa huru na mabomu hayo mwaka 2015. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020 kwa kazi yake huko Kambodia. Ila panya buku macho yake ni dhaifu, pua ndiyo kila kitu. Mwandishi akimfanya amtambue mwizi kwa kumwona ng'ambo ya mto, mpunguzie alama. Wa kuona gizani yupo: komba, na macho yake yale makubwa.

Fisi je, si lazima awe mwizi? Hapana, na mimi humpunguzia alama mwandishi anayemtupia fisi lawama kwa mazoea. Mtoto aliyelelewa na ngano za sungura na fisi atakuwa ameshajua jibu kutoka kwenye jalada. Fisi anafaa zaidi kuwa mshukiwa wa uongo, yule ambaye kila mtu anamnyooshea kidole bure.

Kwamba upelelezi ni mambo ya Kizungu, hilo halinichukui muda: Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta mpelelezi Bwana Msa katika riwaya ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1960. Wala si kweli kwamba kila sura lazima ifunge na funzo. Fumbo likisimamishwa ili komba ahubiri juu ya utii, watoto wanaanza kuchezea viatu.

Picha nazo watu huziona pambo tu, ilhali zinaweza kuua kitabu kizima. Nani atasoma sura zote kumtafuta mwizi wa mabibo ikiwa mchoraji kamtundika popo, mdomo umelowa, kwenye ukurasa wa tatu?